Mkalimani wa Chumba cha Pili

Suad alipewa tiketi ya kwenda kujitazama mwenyewe. Aliyempa ni Swabra, binti wa kaka yake, aliyeingia jikoni siku ya Jumanne na koti la mvua mwilini, simu mkononi, na furaha ambayo hakujaribu hata kidogo kuificha.

"Anti, nimepata! Kazi ya jukwaani. A real stage, si hospitali tena."

Swabra ni mkalimani wa lugha ya alama. Aliisomea miaka minne, akapata cheti mwaka jana, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kukaa baina ya kiziwi na daktari, au kiziwi na mwalimu wa mtoto wake, akigeuza mikono kuwa maneno na maneno kuwa mikono. Jukwaani alikuwa hajawahi kuitwa.

"Hongera, mwanangu," alisema Suad, akipunguza moto wa jiko. "Onyesho la nani?"

"Kuna kikundi Tottenham, kinaitwa Zamu. Watu wenye ulemavu, na wengine ni gay, wanasimulia maisha yao. Jumapili hii, saa tisa alasiri. Baba nishamwambia, ameshaomba off. Na wewe nimekuwekea kiti cha mbele."

Kila Alhamisi kwa miaka miwili alikuwa akipanda mabasi kwenda Tottenham, na nyumbani akisema anakwenda mazoezi ya viungo. Zamu kilikuwa kikundi chake. Aliichukua ile tiketi, akaisoma kana kwamba hajawahi kulisikia jina hilo, akaibandika kwenye friji kwa sumaku.

Ana miaka hamsini na tatu, huyu Suad. Ni mtoto wa Majengo, Mombasa, aliyeshikwa na polio kabla hajamaliza kujifunza kutembea, akajifunza upya kwa magongo. Alikuja London mke wa kaka yake alipofariki na kumwacha Swabra ana miaka minne. Sufian, kaka mtu, ni dereva wa basi, mtu mwema na mwenye kelele, lakini wakati ule hakujua hata kumchania mtoto nywele. Suad alichana, akasuka, akapika, akampeleka mtoto shule kwa magongo kwenye theluji, na mchana akapokea simu katika ofisi moja ya teksi hapo Kilburn. Hakuolewa. Watu waliuliza mwaka wa kwanza, wakauliza wa pili, kisha wakajijibu wenyewe kwamba ni ile miguu. Suad aliwaacha na jibu lao, maana lilimfaa.

Ukweli ni kwamba kwa miaka kumi na mmoja alikuwa na Marion. Marion alikuwa muuguzi, mtu wa Bungoma, mrefu, mwenye kucheka mpaka akashika ukuta. Nyumbani kwa Sufian aliitwa rafiki yake Suad. Alikuja kila Idi, akala pilau, akabishana na Sufian habari za mpira, akarudi kwake, na hakuna aliyeuliza neno. Alifariki majira ya baridi miaka mitatu iliyopita kwa ugonjwa uliomaliza kazi yake kwa wiki sita. Suad alilia bafuni, bomba likiwa wazi, ili mlio wa maji uufunike wake.

Flati ni ya Sufian, jina lake ndilo lililo kwenye karatasi za council, serikali ya mtaa. Iko chini, haina ngazi, na bafuni kuna vyuma vya kushikia ambavyo Suad alivisubiri miaka miwili. Sufian si mtu wa kupiga wala kutukana. Lakini Suad alimsikia siku moja akimzungumzia kijana wa jirani mmoja, aliyegundulika ana mpenzi wa kiume, na sauti aliyoitumia hakuwahi kuisahau. "Kama ni wangu, asingeingia tena mlangoni," alisema, akaendelea kumenya chungwa. Basi Suad aliogopa kuukosa mlango ule. Zaidi ya mlango alimwogopa Swabra, kwamba siku moja mtoto aliyemlea angemtazama kama mtu asiyemjua.

Sasa utauliza, mtu mwoga hivyo alifuata nini Zamu? Alifuata desturi yao. Pale hakuna anayesimulia hadithi yake mwenyewe. Kila mtu huandika ya kwake, karatasi zikakunjwa na kutiwa ndani ya kofia ya mzee Titus, mkubwa wao, anayetumia kiti cha magurudumu, kisha kila mmoja huchomoa ya mwenzake. Atakayoichomoa ndiyo atakayoisimulia, na ataisema kwa "mimi", kama yake. Zamani walikuwa wakisimulia za kwao, mpaka mwenzao mmoja alipotambuliwa na mwenye nyumba aliyempangisha, akatupiwa mizigo yake nje wiki ileile. Tangu siku hiyo hadithi zinabadilishiwa wenyewe.

Suad alikuwa amechomoa ya Titus. Yake ilimwangukia Victor, kijana wa Nakuru, kiziwi, msimuliaji hodari kuliko wote. Mikono yake ikianza kazi hata asiyejua alama hata moja hukaa kimya. Na kwa kuwa Victor husimulia kwa mikono, lazima awepo mkalimani wa kumtolea sauti kwa wanaosikia. Mkalimani naye, Victor akisema "mimi", husema "mimi". Ndiyo kazi yao.

Kwa hiyo Jumapili, mbele ya Sufian, kinywa cha Swabra ndicho kingesema, "Nilimpenda mwanamke."

Suad alijipa moyo. Alikuwa ameificha hadithi yake vizuri. Mombasa aliigeuza Malindi, Kilburn akaifanya Croydon, Marion akawa mwalimu mwenye jina jingine, na Sufian akawa binamu. Nani angejua? Usiku huo alilala kidogo.

Asubuhi Sufian alikuwa mezani na sare yake ya kazi, akichovya mkate kwenye chai. Alimwona dada yake akiingia, akauliza kama anavyouliza kila siku ya Mungu: "Zena na Zubeda wameamkaje?"

Suad alibaki kumtazama.

Zena na Zubeda ni magongo. Mama yao ndiye aliyeyapa majina hayo, kwa ajili ya majirani wawili wa Majengo waliokuwa hawaachani, kila uendapo wako wote, mmoja mbele na mwingine nyuma, wakigombana njia nzima. Magongo yamebadilishwa mara ishirini tangu siku zile, lakini majina yalibaki. Na Suad alikuwa ameyaandika. Zena na Zubeda wamo katika ile hadithi, kwa majina yao kamili. Alificha watu, alificha miji, magongo hakuyawazia. Yeye hayahesabu kama vitu vya kuandikwa. Ni miguu yake, na mtu anayejificha hakumbuki kuificha miguu.

"Mbona waniangalia hivyo?" aliuliza Sufian.

"Wameamka salama," alisema Suad.

Alingoja mlango ufungwe, akampigia Rupa. Rupa ndiye anayekiongoza kikundi. Ni Mhindi wa Neasden, wazazi wake walitoka Kisumu. Haoni, na Kiswahili chake ni kile cha dukani, cha haraka, kisicho na adabu nyingi.

"Yatoe majina ya magongo," Suad alimwambia. "Tafadhali. Leo."

"Mama, umechelewa. Script nimetuma jana, video ya Victor pia. Mkalimani iko nayo tayari. Na Victor hiyo sehemu ndiyo napenda sana, yeye nakataa kutoa. Kwani kuna nini?"

Suad akamwambia mkalimani ni binti wa kaka yake.

"Hiyo hadithi ni yako," alisema Rupa. "Unaweza ondoa yote. Wewe niambie mpaka Ijumaa."

Angeweza kuiondoa. Aliwaza hivyo Jumatano nzima, akipokea simu za watu wanaotaka teksi na kuwaandikia anwani zisizo zao, hata msimamizi wake akamwuliza kama anaumwa. Lakini karatasi ilikuwa tayari kwa Swabra. Kuiondoa sasa ni sawa na kuitia sahihi kwamba ni yake. Na kulikuwa na jambo jingine lililomshinda nguvu. Mwili wa Marion ulisafirishwa kwenda kuzikwa kwao Bungoma. Suad hana kaburi la kwenda. Dakika kumi za mikono ya Victor ndizo maziko pekee atakayomfanyia, na akizifuta, Marion atakuwa amekwenda kabisa. Ijumaa ikapita na simu hakuipiga.

Alhamisi wakati wa chakula alikuwa amekwisha kusema nusu ya ukweli, maana Jumapili angeonekana jukwaani, hilo halikwepeki.

"Mimi nimo kwenye kile kikundi," alisema, macho kwenye wali. "Cha Tottenham. Kwa sababu ya miguu. Nitasimulia hadithi ya mtu mwingine, ndiyo desturi yao."

Sufian alicheka mpaka akapaliwa. "Mazoezi ya viungo! Kumbe kiungo chenyewe ni ulimi! Na ya kwako je, asimulia nani?"

"Ya kwangu sikuandika. Nina hadithi gani mimi?"

Swabra aliinua macho mara moja, akayarudisha sahanini.

Je, amejua? Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna. Wakalimani wamekatazwa kuzungumza habari za kazi wanayopewa. Swabra mwenyewe alimweleza hivyo mwaka jana, kwa fahari, akasema, "Hata wewe, Anti, siwezi kukwambia." Basi kama hajui, hatasema, na kama anajua, hatasema vilevile. Walikuwa wakipishana kwenye korido nyembamba, "samahani, Anti", "pita, mwanangu", kama wageni wawili wa hoteli moja.

Jumamosi mchana Sufian alikuwa kazini. Suad alipita mbele ya chumba cha pili, chumba cha Swabra, mlango ukiwa umerudishwa tu, akasikia sauti. Swabra alikuwa akiitazama video ya Victor na kuisemea.

"Nilikutana naye hospitalini," ilisema sauti ya Swabra kwa Kiingereza. "Alinifunga kiatu. Aliponyanyuka nikatamani kiatu kifunguke tena."

Suad alisimama. Sauti ile aliifundisha yeye bismillahi, aliifundisha kuhesabu, aliiambia "sema vizuri, usimung'unye". Sasa ilikuwa ikiyasema yale ambayo yeye hakuwahi kuyasema kwa kinywa. Aliuegemea ukuta. Aliona haya, na papo hapo akatamani isinyamaze.

Ikanyamaza. Kimya. Swabra alirudisha video nyuma, akasema sentensi ileile ya mwisho, ya kutoka kanisani siku ya kumuaga Marion, akafika palepale, akanyamaza tena. Mara ya tatu vilevile. Ndipo yanapotajwa magongo, Suad alipajua pahala hapo kwa moyo. Alisikia kiti kikisogezwa, akajaribu kuondoka, lakini mtu wa magongo haondoki kwa kunyatia. Mlango ukafunguka.

Walitazamana.

"Wataka chai, Anti?" aliuliza Swabra.

"Nataka."

Swabra alikwenda jikoni akachemsha chai, akatia tangawizi, akamwekea mezani, akarudi chumbani. Hakumtazama usoni tena siku hiyo. Suad aliinywa ile chai na machozi yakimdondoka, akiwa na yakini kwamba mtoto ameshampotea.

Jumapili ukumbi ulijaa. Ni ukumbi wa mtaa, nyuma ya majumba ya council, wenye viti vya plastiki na harufu ya sakafu iliyopigwa dawa. Viziwi walikaa upande wa kushoto wapate kuiona mikono vizuri. Sufian alikaa safu ya pili, shati limepigwa pasi, kofia ya vito iliyodariziwa kichwani, akiwaambia watu wa kulia na wa kushoto kwamba mkalimani yule ni binti yake na yule mwenye magongo ni dada yake, yaani familia nzima ni wasanii.

Rupa alitoka na fimbo yake nyeupe, akaeleza desturi: kila "mimi" mtakayoisikia leo si ya anayeisema. Watu wakapiga makofi. Suad alipoitwa alisimulia hadithi ya Titus, jinsi kijana mmoja wa kwao alivyomfundisha kuogelea huku miguu yake ikiwa haina nguvu, na jinsi baba mtu alivyowakuta. Hakujua anasema nini. Maneno yalitoka yenyewe. Sufian alipiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Kisha akapanda Victor. Swabra alikaa mbele yake na kipaza sauti, nguo nyeusi, mgongo umenyooka. Akaanza.

Ukumbi ulisikiliza. Hospitali, kiatu, Idi, pilau, miaka kumi na mmoja. Suad alikuwa amekaa pembeni mwa jukwaa na hakumtazama Victor wala Swabra. Alimtazama Sufian. Aliuona uso wake ukiwa na ile furaha ya baba, kisha furaha ikapungua, kisha akainamisha kichwa kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu.

"Siku ya kumuaga nilikaa safu ya mwisho," ilisema sauti ya Swabra. "Waliita familia ije mbele. Wakaita wafanyakazi wenzake. Wakaita watu wa kwaya. Nilingoja niitwe, na hapakuwa na jina la kuniita. Sanduku likapita. Kesho yake lingepanda ndege. Nje binamu yangu alikuwa akiningoja na gari."

Suad alifumba macho. Sasa, alijiambia. Sasa hivi.

"Nikatoka," alisema Swabra, "na magongo yangu."

Basi. Hakusema zaidi. Suad alifumbua macho akamwona Victor angali kazini, mikono yake imekuwa vikongwe viwili, mmoja anakaza kitambaa cha kichwa, mwingine anasonya, wanaburutana nje ya kanisa, na kwa mara ya kwanza hawagombani. Victor aliwaita kwa majina yao, herufi moja moja kwa vidole. Upande wa viziwi ulicheka, na wengine wakafuta machozi. Upande wa wanaosikia haukusikia kitu. Watu waligeuka kutazama wenzao wanacheka nini. Swabra alikaa na kipaza sauti mdomoni, kimya, mpaka majina yakapita, ndipo akaichukua tena hadithi na kuifikisha mwisho.

Mtoto anajua. Anajua, na amemsitiri.

Faraja ile haikudumu hata nusu saa. Wakati wa chai, Sufian akiwa na sambusa mbili mkononi, Victor alikuja kwa hatua ndefu na uso uliowiva kwa hasira. Alisimama mbele ya Rupa, akaanza kusema kwa mikono. Rupa haoni mikono. Ilibidi mtu amtolee sauti, na mkalimani pale alikuwa mmoja tu.

Swabra akaweka kikombe chini, akaisema.

"Mkalimani huyu ameniibia," alisema Swabra, kwa sauti yake mwenyewe, bila kupunguza. "Alikuwa na video wiki nzima. Sehemu niliyoifanyia kazi kuliko zote ameitupa. Nimeona wanaosikia hawacheki. Maisha yangu yote watu wamekuwa wakichagua lipi langu lisemwe na lipi lisisemwe. Kesho nitaandika kwa chama cha wakalimani. Mtu wa namna hii asipewe kazi tena."

"Nini?" alisema Sufian. "Mwanangu amefanya nini?"

"Swabra," alisema Rupa, "ni kweli uliruka?"

"Ndiyo."

"Umesahau?"

Swabra alifungua kinywa. Akainua na mikono, maana hata jibu lake ilibidi amtafsirie Victor mwenyewe. "Ndiyo," alisema. "Nilisahau."

Victor akatikisa kichwa. Video ilikuwa kwako wiki nzima, mikono yake ikasema tena, na Swabra akaisema. Mashtaka yake alikuwa akijisomea mwenyewe, neno kwa neno, mbele ya baba yake, katika kazi yake ya kwanza.

Suad alikuwa hatua tatu kutoka pale. Angeweza kukaa. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Flati, mlango, vile vyuma vya bafuni, pilau ya Idi, vyote vilikuwa salama ilimradi afumbe mdomo, na kufumba mdomo ndiyo kazi aliyoizoea. Alikuwa na hofu kuliko siku yoyote ya maisha yake, na bado magongo yakampeleka.

"Mwacheni," alisema. "Hakusahau. Amenificha mimi."

Wote wakageuka.

"Zena na Zubeda ni haya," alisema, akainua gongo la kulia kidogo. "Hadithi ni yangu. Ameyaruka majina kwa sababu baba yake angeyajua. Mwambie Victor hivyo, Swabra. Mwambie kila neno, usiruke."

Swabra alimwambia Victor kila neno. Mikono yake ilikwenda polepole na machozi yakimshuka, hakuwa na mkono wa kuyafutia. Victor alimtazama Suad, akayatazama magongo, hasira ikamtoka usoni. Aliweka kiganja kifuani, akakaa hivyo.

Sufian aliziweka sambusa juu ya meza, moja kisha nyingine, kwa uangalifu mkubwa. Akatoa funguo za gari mfukoni.

"Twende," alisema.

Hakusema twende wapi. Suad alikaa mbele, kama siku zote, kwa kuwa ndiko miguu inakonyooka. Swabra alikaa nyuma. Barabara ya Seven Sisters ilikuwa imeziba, mvua ilikuwa ikinyunya, na watu walikuwa wakitoka makanisani na mifuko ya nailoni vichwani. Sufian aliendesha kama anavyoendesha basi, mikono yote miwili kwenye usukani. Suad alihesabu vitu vyake. Nguo zingeingia katika masanduku mawili. Angemwomba nani ayabebe?

Walisimama kwenye taa nyekundu.

"Yule alikuwa Marion," alisema Sufian.

"Ndiye."

"Na binamu wa kwenye gari ni mimi."

"Ni wewe."

Kifuta kioo kilikwenda, kikarudi.

"Nilikupigia honi," alisema. "Siku ile, nje ya kanisa. Nilikuwa na hofu ya faini ya kuegesha. Nilikupigia honi utoke."

"Mara tatu," alisema Suad.

"Hilo hukuliandika."

"La."

"Mbona hukuniambia ningoje? Suad, ningengoja. Ni kitu gani kilikuzuia kunambia tu, kaka, ningoje?"

Suad aliutazama uso wa kaka yake kwa pembeni, mvi kidevuni, kofia imekaa upande. Alikuwa amechoka kutafuta maneno mengine.

"Wewe," alisema. "Nilikuogopa wewe."

Taa ikawa kijani. Gari la nyuma likapiga honi, na la nyuma yake likapiga, kisha mstari mzima, na Sufian alikaa na mikono kwenye usukani, hakuliondoa gari.